Doa la Buluu Karibu na Swichi

Jumamosi, Tbilisi, ghorofa ya nne.
Mvua imeushika mtaa tangu alfajiri
na Nutsa ana miaka minne na brashi tatu.

Natandika kwanza. Magazeti ya wiki nzima,
nyuso za wabunge zikitazama dari;
juu yake kitambaa cha plastiki,
kile chenye ndimu, kilichoungua pembeni
siku ya sufuria.
Zulia nimelikunja hadi ukutani,
zulia la mama mkwe, lililoshuka milimani
mgongoni mwa farasi mmoja,
au wawili, au watano:
kila akisimulia, farasi huzaana.

Shati langu la ofisini Nutsa kalivaa kinyumenyume,
vifungo mgongoni, mikono imekunjwa mara tano.
Rangi nimetia tone moja moja
katika bati la kuokea keki,
shimo hili nyekundu, shimo lile njano.
Kidogo, maana nimeshafunzwa:
chupa nzima mkononi mwa mtoto
ni mto usiojua kingo.
Ndoo na taulo kuukuu viko mguuni pake, si bafuni,
kwa kuwa safari ya bafuni
ndiyo hasa inayopaka korido.

Usipoziba ufa utajenga ukuta.
Nimeziba nyufa zote.
Narudi nyuma hatua mbili, najisifu kimoyomoyo.
Yeye amesimama katikati ya plastiki,
brashi imekauka, mikono kaiinua
kama aliyekamatwa na askari.
"Baba," aniuliza, "naruhusiwa kugusa nini?"

Hapo mlango ukafunguka, akaingia Eteri
na mwavuli wake unaochuruzika.
Akatazama magazeti, plastiki, ndoo, mimi.
"Mnachora," akasema, "au mnafanya upasuaji?"

Akavua viatu. Akakaa sakafuni na miaka yake sabini na moja,
magoti yakilia kama bawaba.
Akatupa kidole chake kizima ndani ya nyekundu.
"Kila Pasaka," akamwambia Nutsa,
"tulichemsha mizizi tukapaka mayai,
na vidole vyangu vilikaa vyekundu wiki mbili.
Nilikwenda navyo shule. Nilikwenda navyo kanisani.
Hakuna aliyeniita mchafu.
Waliniuliza tu: mayai yenu yalitoka vizuri?"

Basi.
Sikukunjua zulia, mimi si mwendawazimu.
Ila nilinyamaza, na kunyamaza nako ni kazi.
Kukatokea farasi wa kijani mwenye miguu sita,
kukatokea jua, kukatokea bibi mwenye mwavuli mkubwa kuliko nyumba,
na mbunge mmoja aliyechomoza kando ya plastiki
akaota masharubu ya zambarau.

Mvua ilipokatika tulitoka roshanini
na kikombe cha maji matupu.
Nutsa alichora juu ya mbao kavu chini ya paa:
samaki mweusi, mweusi kabisa,
kisha mkia ukafifia, kisha tumbo, kisha jicho.
"Ameondoka," akasema, bila huzuni yoyote,
akachovya brashi akaanza mwingine.
Samaki kumi na wawili, na hapakuwa na cha kufuta.
Nilipaswa kufurahi.
Nilijikuta nikimtafuta yule wa kwanza.

Jioni kazi ilichukua dakika kumi.
Uchafu wote niliuviringisha ndani ya magazeti
kama mkate uliojazwa, nikautupa.
Nikaosha bati. Zulia likarudi mahali pake na heshima yake.
Eteri alikagua, akakosa la kusema,
akapakua supu.

Usiku, wote wamelala, napita na kitambaa kibichi
nikipangusa meza, kitasa, ukingo wa kiti.
Karibu na swichi ya ukumbini nakuta kidole gumba,
buluu, kidogo kama mbegu ya tikiti,
mahali mrefu kuliko kimo chake.
Alipanda juu ya nini? Lini? Na mimi nilikuwa wapi?

Kitambaa kinadondosha maji juu ya soksi yangu.
Nikazima taa kwa kiwiko,
taratibu, nisikiguse.